Ukoo Uliokwama: Utatuzi wa Matatizo ya Kutafuta Nasaba Katika Kaunti za Vijijini Kusini mwa Marekani

Mwongozo huu ni wa anayefuatilia ukoo wa Alabama, Georgia na majimbo ya jirani, awe mzaliwa wa huko au ameoa huko na sasa watoto wanauliza habari za upande wa pili. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, visababishi vya kawaida vimetangulia na vya nadra vimefuata. Usiruke ukaguzi mwepesi ulioko mwanzoni, kwa sababu mababu wengi "waliopotea" wameandikwa vizuri kabisa, ila kwenye daftari la kaunti nyingine au chini ya jina la mtu mwingine.

Kabla ya lolote, chora jedwali la safu nne: mwaka, kaunti, tukio, na nani aliyetoa habari. Watu huiruka safu ya nne, kisha wanakaa miezi wakibishana na cheti cha kifo kilichojazwa na mkwe ambaye hakuwahi kumwona mama wa marehemu. Anza na aliye hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeanza na mtu maarufu wa mwaka 1750 na kushuka kuja kwake hufika, lakini kwa ukoo wa watu wengine.

Dalili: Jina halipatikani kwenye sensa

Kisababishi cha kwanza ni tahajia. Karani aliandika alichosikia, na miaka mingi baadaye mtu mwingine akausoma mwandiko wake ili kutengeneza faharasa, kwa hiyo kosa limepanda juu ya kosa. Pettway huwa Petway au Pettaway. Kwa mwandiko wa karne ya 19, S kubwa hufanana na L, na J haitofautiani na I. Ukaguzi: futa jina la ukoo kwenye kisanduku cha utafutaji. Weka jina la kwanza, kaunti, jimbo la kuzaliwa, na umri ukiachia miaka 5 kila upande. Isipofaa, tafuta mtoto mwenye jina adimu kuliko wote. Akina John na Mary watakuchosha, lakini Permelia atakupeleka moja kwa moja kwenye kaya.

Cha pili ni jina la nyumbani. Polly mara nyingi ni Mary, Patsy ni Martha, Sallie ni Sarah, Peggy ni Margaret, Sukey ni Susan. Wanaume wengi waliandikwa kwa herufi mbili tu, J. W. au W. T.

Cha tatu: yuko kwenye kaya ya mtu mwingine. Mama ameolewa tena, na karani amewaandika watoto wote kwa jina la baba wa kambo. Hapa kumbuka kwamba sensa ya 1870 haisemi nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Uhusiano ulianza kuandikwa mwaka 1880. Mwanamke anayemfuata mwanamume kwenye orodha ya 1870 anaweza kuwa mke, dada au shemeji.

Cha nne ni sensa yenyewe. Kuanzia 1790 hadi 1840 aliandikwa jina mkuu wa kaya peke yake, wengine wakahesabiwa kama vijiti. Mwaka 1850 watu wote walio huru walipata majina. Sensa ya 1890 iliharibiwa sehemu kubwa na moto wa Januari 1921 huko Washington, na karibu mabaki yake yote yakateketezwa baadaye; usipoteze usiku kuitafuta. Ziba pengo hilo la miaka 20 kwa madaftari ya kodi na kwa sensa ya 1900, ambayo inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai.

Mwisho kabisa, huenda alirukwa. Kusini, mwaka 1870, walirukwa wengi. Lakini usikimbilie jibu hili kabla ya kusoma kata nzima ukurasa kwa ukurasa. Kaunti ya kijijini haina kurasa nyingi za kutisha, na unaposoma utawaona majirani, na majirani ndio watakaofungua nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Mtego mmoja wa umri: sensa ya 1910 ilihesabu kwa tarehe 15 Aprili, ya 1920 kwa tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Februari au Machi ataonekana ameongeza miaka 9 tu kati ya sensa hizo mbili. Hakudanganya.

Dalili: Familia inatoweka kwenye kaunti moja na kuibuka nyingine, na shamba ni lilelile

Mpaka ndio uliohama. Georgia leo ina kaunti 159, na nyingi zilikatwa kutoka kwa kaunti mama hatua kwa hatua. Kaunti ya Lee, Alabama, ilikatwa mwaka 1866 kutoka Chambers, Macon, Russell na Tallapoosa. Houston ilizaliwa 1903 kutoka Dale, Geneva na Henry. Pengine ardhi haijaguswa, jina ndilo limebadilika: Kaunti ya Lamar, Alabama, iliitwa Sanford hadi 1877. Na pengine kaunti imemezwa, kama Campbell na Milton zilivyoingia Fulton mwaka 1932.

Tiba ni rahisi. Fungua atlasi ya mipaka ya kihistoria ya kaunti iliyotengenezwa na Newberry Library ya Chicago, ambayo ni bure, weka tarehe ya tukio, andika kaunti iliyokuwa na mamlaka siku hiyo. Daftari za zamani hubaki kaunti mama. Hati ya shamba ya 1859 kwa mtu wa Lee ya leo inaweza kuwa imelala Chambers au Russell.

Ukishajua kaunti, jua na dirisha la kuuliza. Alabama, Jaji wa Mirathi anatunza wosia, ndoa na hati za ardhi pamoja. Georgia, ardhi iko kwa karani wa Superior Court, ndoa na mirathi ziko Probate Court. Mississippi, ardhi na mirathi ni Chancery Clerk, ndoa ni Circuit Clerk. North Carolina, ardhi na ndoa ziko kwa Register of Deeds, mirathi kwa karani wa Superior Court. Ukiambiwa "hatuna," kwanza hakikisha hujauliza dirisha lisilohusika. Piga simu kabla ya kusafiri, uliza kama wanafunga saa ya chakula, kama kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa, na hasa uliza hivi: karatasi za mirathi zisizojalidiwa ziko wapi? Daftari lililojalidiwa ni nakala ya karani. Risiti za daktari, hesabu za msimamizi na barua za warithi wa Texas zimo kwenye bahasha, na bahasha hizo mara nyingi ziko ghorofa ya chini au zimehamishiwa hifadhi ya jimbo.

Dalili: "Mahakama iliungua, hakuna kitu"

Kisababishi cha kawaida zaidi ni kwamba habari hiyo ni ya mdomoni. Moto ulikuwepo, lakini uliteketeza chumba kimoja, au jengo liliungua na daftari zikaokolewa. Ukaguzi: tafuta katalogi ya FamilySearch, tovuti ya bure ya nasaba, kwa jina la kaunti, uone daftari la zamani kuliko yote lina mwaka gani katika kila aina. Unaweza kukuta ndoa zinaanza 1866 na hati za ardhi zinaanza 1821.

Pale ambapo moto ulikuwa wa kweli, kama kaunti kadhaa za Virginia zilizopeleka daftari zao Richmond zikalindwe wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na zikaungua huko Aprili 1865, fuata nakala zilizokuwa nje ya jengo. Watu walirudi na hati zao wakaziandikisha upya, kwa hiyo hati ya 1840 inaweza kuwa kwenye daftari la 1870. Georgia ilikuwa ikipeleka nakala za madaftari ya kodi serikalini. Kesi zilizokatiwa rufaa zilikwenda na majalada yake hadi mahakama ya juu ya jimbo. Matangazo ya mirathi yalichapwa magazetini. Na sensa, pensheni za askari na hati za ardhi ya serikali kuu hazikuwahi kukaa kwenye jengo hilo.

Dalili: Ukuta wa 1870

Ukoo wa Mmarekani Mweusi unafika 1870 na kusimama. Sababu inajulikana: sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha tofauti za watumwa, na pale linaandikwa jina la mwenye watumwa, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu, bila jina lake. Wachache waliokuwa huru kabla ya vita wamo kwenye sensa ya kawaida. Kagua hilo kwanza, ni la dakika tano.

Kosa linalokwamisha watu wengi ni kudhani kwamba jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Wakati mwingine ndivyo: Gee's Bend, Kaunti ya Wilcox, Alabama, familia nyingi bado ni Pettway, jina la Mark Pettway aliyelichukua shamba hilo miaka ya 1840. Mara nyingi sivyo. Jina linaweza kuwa la mmiliki wa babu, la baba aliyeishi shamba jirani, au walilojichagulia wenyewe. Kwa hiyo usianze na jina, anza na mahali.

1. Kusanya kaya ya 1870 yote, pamoja na kaya 20 kabla na 20 baada. Andika umri na jimbo la kuzaliwa. Mama aliyezaliwa Virginia na mtoto wa kwanza aliyezaliwa Alabama wanakupa muda wa kuhamishwa.

2. Ziba miaka ya 1865 hadi 1870. Orodha za wapiga kura za 1867, Georgia na Alabama, zina majina ya wanaume Weusi waliofikisha miaka 21. Sensa ya jimbo la Alabama ya 1866 inataja wakuu wa kaya Weusi. Madaftari ya kodi ya Georgia baada ya vita mara nyingi huweka na jina la mwajiri. Ofisi ya Freedmen's Bureau, ya serikali kuu ya kuwasaidia walioachiwa huru, iliyoanzishwa Machi 1865 na kufungwa 1872, iliacha mikataba ya kazi, orodha za mgao wa chakula na ndoa. Mkataba wa 1865 mara nyingi umesainiwa na mwenye shamba yuleyule wa juzi. Kwa North Carolina, tafuta daftari za 1866 ambamo wanandoa waliokuwa watumwa walitakiwa kutangaza ndoa zao kwa ada ya senti 25, wakitaja na muda walioishi pamoja.

3. Angalia kadi za Freedman's Savings Bank, benki ya akiba ya walioachiwa huru, 1865 hadi 1874. Kadi nzuri ina wazazi, ndugu, waliouzwa mbali, na wakati mwingine jina la bwana wa zamani. Matawi yalikuwa mijini, Huntsville, Mobile, Augusta, Savannah, lakini wateja walitoka vijijini pia.

4. Kama kuna mwanamume wa umri wa kupigana, kagua faharasa ya askari wa United States Colored Troops, vikosi vya askari Weusi vya jeshi la Kaskazini. Jalada la pensheni ya mjane, linalotunzwa National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, ndilo karatasi tajiri kuliko zote katika kazi hii: mashahidi wanaapa walimjua marehemu tangu utoto, kwenye shamba la nani, na nani aliwaozesha.

5. Sasa ndipo unaunda orodha ya wamiliki wanaowezekana, wawili hadi watano, kutokana na mikataba na majirani wenye mali. Linganisha umri na orodha ya 1860. Umri kulingana si ushahidi. Mwanamke wa miaka 30 yuko kwenye kila shamba.

6. Fungua mirathi. Mmiliki akifa, wathamini watatu au zaidi walipita nyumbani kuandika mali, na watu waliandikwa kati ya nyumbu na magodoro. Mstari wa kawaida una sura hii: "Hannah na mtoto wake Peter," kisha kiasi cha dola. Mama na mtoto mdogo huthaminiwa pamoja. Watoto wakubwa wameandikwa peke yao, mara nyingi mistari inayofuata. Bei ikishuka ghafla kwa mtu wa makamo, shuku ugonjwa. Usiishie kwenye orodha hiyo, tafuta mgawanyo wa warithi mwaka mmoja au miwili baadaye, kwa sababu hapo ndipo Hannah anakwenda kwa binti mmoja na Peter kwa mwingine, na ndipo jina la ukoo linapotengana.

Njia ikikatika, fuata mke wa mmiliki. Watu wengi waliingia shambani kama mali ya bibi harusi, kwa hiyo hati iko kwenye wosia wa baba mkwe, pengine Georgia au South Carolina. Hati za zawadi na rehani zimo kwenye daftari la ardhi, si la mirathi. FamilySearch sasa ina utafutaji wa maneno yote ndani ya hati za mkono: weka "Hannah" na jina la mmiliki, chuja kwa kaunti. Kompyuta husoma vibaya, lakini inakuokolea majuma ya kufunua kurasa.

Simama hapa na umtafute mtaalamu ukiwa na wamiliki wawili wanaolingana sawa na hakuna hati ya kuwatenganisha. Kuchagua kwa hisia na kuuweka mti huo mtandaoni kunazaa nakala ambazo hutaweza kuzifuta.

Dalili: Watu wawili, jina moja, kaunti moja

Kwanza ondoa dhana kwamba Senior na Junior ni baba na mwana. Kwenye hati za zamani mara nyingi ni mkubwa na mdogo tu, pengine mtu na mpwa wake, na mkubwa akifa au akihama, Junior anapanda kuwa Senior.

Watenganishe kwa vitu visivyobadilika haraka: jina la mke anayekubali mauzo ya shamba, kijito ambacho shamba limepakana nacho, wilaya ya kodi, mashahidi, na kama anasaini au anaweka alama. Weka kila hati kwenye safu ya A au B, na isiyojulikana kwenye safu ya C. Safu ya C ikiwa tupu mapema, umejidanganya mahali.

Dalili: Tarehe za kuzaliwa hazipatani

Mara nyingi ni mtoa habari tofauti. Safu ya nne itakuambia. Kisha, umri uliokadiriwa kwa makumi. Kumbuka pia uandikishaji wa vizazi na vifo wa jimbo zima ulichelewa Kusini: Alabama 1908, Mississippi 1912, North Carolina 1913, South Carolina 1915, Georgia 1919. Kabla ya hapo cheti cha jimbo kwa kawaida hakipo. Kuna hata hivyo vyeti vya kuzaliwa vilivyochelewa, vilivyoombwa na watu wazima baada ya sheria ya Social Security, hifadhi ya jamii, ya 1935. Ndani yake mna ushahidi uliotumika, kama Biblia ya familia au kiapo cha mkunga. Omba jalada lote, si cheti peke yake.

Dalili: Shamba halikai kwenye ramani

Jua kwanza aina ya jimbo. Alabama na Mississippi ziligawanywa kwa miraba ya serikali kuu: mraba mkubwa una maili za mraba 36, yaani sehemu 36, kila sehemu ekari 640. Maelezo yake husomwa kutoka mwisho: robo ya kaskazini mashariki ya robo ya kusini magharibi ni ekari 40. Alabama, angalia kama upimaji unahesabiwa kutoka mstari wa Huntsville au wa St. Stephens, la sivyo utatua kaunti nyingine kabisa.

Virginia, Carolina zote mbili na sehemu za Georgia zilipima kwa miti, mawe na vijito. Pole moja ni futi 16.5, cheni moja ni pole 4, na pole za mraba 160 ni ekari moja. Andika kila mwelekeo na umbali kwenye mstari wake, chora kwa pembemzunguko. Mchoro usipofunga, kwanza tafuta E iliyosomwa W, kisha mstari aliouruka karani. Hitilafu ya dira huja mwisho.

Kama hakuna hati kabisa, huenda shamba lilirithiwa bila mirathi kufunguliwa. Simama. Ardhi ya namna hiyo ina wenye hisa wengi, na mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi anaweza kuiomba mahakama iuze yote. Usisaini karatasi yoyote uliyoletewa na "ndugu" usiyemfahamu, nenda kwa wakili wa mali wa jimbo hilo.

Dalili: Kaburi halionekani au halisomeki

Anza na cheti cha kifo, kinataja mahali pa maziko. Kisha ramani za zamani za USGS, idara ya serikali kuu ya upimaji wa ardhi. Makaburi ya watumwa na ya familia maskini mara nyingi hayana maandishi: tafuta mabonde madogo yaliyolala mashariki na magharibi, mawe ya porini kichwani na miguuni, mierezi, yuka, vinka inayotambaa, kombe au vyombo vilivyovunjwa. Nenda miezi ya baridi, majani yameanguka na nyoka wametulia, lakini ni msimu wa kuwinda kulungu: vaa fulana ya rangi ya chungwa na uwe na ruhusa ya mwenye ardhi.

Jiwe lisilosomeka, lipige jua kwa kioo kutoka ubavuni, au tochi usiku, kisha piga picha. Usipake unga, chaki wala povu la kunyolea. Likihitaji kuoshwa, tumia maji mengi na brashi laini isiyo ya chuma, ukianzia chini kupanda juu. Klorini, siki na mashine ya maji ya presha huliharibu jiwe kwa kudumu. Likiwa linabanduka au linatoa mlio wa uwazi ukiligonga kwa kidole, liache, hiyo ni kazi ya fundi wa uhifadhi. Usichimbe wala usichome fimbo ardhini. Ukiona mfupa, usiuguse, mpigie sherifu wa kaunti.

Dalili: DNA inapinga karatasi

Undugu hupimwa kwa sentimorgani, kipimo cha wingi wa DNA mnayoshiriki, na namba za ngazi mbalimbali zinaingiliana. Wajukuu wa babu mmoja hushiriki kwa wastani sentimorgani 866 hivi, vitukuu wa babu mmoja 229, vilembwe 73, na vilembwe kama mmoja kati ya kumi hawashiriki kitu kinachoonekana. Kwa hiyo kilembwe asiyelingana hajavunja mti wako. Lakini vitukuu wasiolingana kabisa ni jambo zito.

Kaunti za vijijini zina tatizo la kinyume: familia zilezile zilioana vizazi vitatu au vinne, hivyo ndugu wa mbali anaonekana wa karibu. Ukaguzi: tazama kipande kirefu kuliko vyote. Sentimorgani 90 zilizogawanyika katika vipande vidogo vidogo zinaashiria undugu wa njia nyingi za zamani. Kipande kimoja kirefu kinaashiria babu wa karibu. Vipande vinavyopungua sentimorgani 7 usivitumie kujenga hoja.

Ikionekana baba si yule aliyeandikwa, usitume ujumbe kwa mtu yeyote bado. Pima ndugu mwingine wa karibu kwa ridhaa yake. Pakibaki na wasiwasi, au kuna wazee walio hai ambao habari hiyo inawahusu, mkabidhi mtaalamu wa nasaba aliyethibitishwa na Board for Certification of Genealogists, bodi ya Marekani inayothibitisha wataalamu wa nasaba. Mpe swali moja lililoandikwa, jedwali lako la safu nne, orodha ya daftari ulizokwisha kusoma pamoja na zile ulizozikuta tupu, na kikomo cha saa utakazolipia.